Bustani ya kilimo hai nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Samadi ni ya asili, basi itiwe hata ikiwa mbichi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, ina amonia na chumvi nyingi: mizizi ya miche huungua, kingo za majani zikageuka kahawia. Hilo walau unaliona. Vijidudu kama salmonela huvioni, na kusuuza letisi hakuviondoi vyote. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka samadi mbichi ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa ardhi, siku 90 kwa yasiyoigusa. Ni kipimo kinachofaa bustani yoyote.

Asiyetaka kusubiri hivyo aiozeshe. Lundo liwe na upana, urefu na kimo cha mita 1 au zaidi. Likipungua hapo halitunzi joto. Weka sehemu 2 hadi 3 za makavu (majani makavu, mabua) kwa sehemu 1 ya mabichi pamoja na samadi. Kamata konzi uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakichuruzika, umezidisha. Katikati pafike nyuzi joto 55 na pabaki juu ya hapo siku 15, huku ukiligeuza walau mara 5 ili ya pembeni yaingie ndani. Harufu kali ya amonia maana yake samadi imezidi, ongeza makavu. Uvundo ni maji mengi na hewa kukosa njia. Likikaa baridi tangu mwanzo, aghalabu ni dogo au kavu. Likishapoa liache liive miezi kadhaa, mpaka usiweze kutambua kilichowekwa.

Dhana: Nisipopuliza dawa, bustani yangu haina dawa.

Zipo dawa za magugu, aminopiralidi mojawapo, zinazopita tumboni mwa ng'ombe aliyekula nyasi zilizopuliziwa na kubaki kwenye samadi hata baada ya kuozeshwa. Kama hujui malisho yalikotoka, jaribu kwanza: vikopo 3 vya udongo uliochanganywa na samadi hiyo iliyooza, vikopo 3 vya udongo mtupu, maharage matatu kila kimoja. Subiri wiki 3. Majani machanga yakijikunja na kusokotana kwenye vya samadi pekee, usiitumie.

Dhana: Dawa ya kujitengenezea haidhuru.

Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu inayopenya ngozi ya anayepuliza. Isitoshe, tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Kwa vidukari, mililita 10 za sabuni laini ya maji katika lita 1 ya maji zinatosha, si sabuni ya unga, ambayo huunguza majani. Jaribu jani moja, ngoja siku moja, kisha puliza jioni chini ya majani. Inaua inapogusa tu. Ikikauka imekwisha kazi.

Dhana: Mboga za kilimo hai daima zina vitamini nyingi zaidi.

Tofauti ni ndogo na haitabiriki. Faida iliyo wazi zaidi ni mabaki machache ya viuatilifu, na kwa bustani ya nyumbani, upya: mboga za majani hupoteza vitamini C upesi zikikaa kwenye joto baada ya kuchumwa.

Dhana: Udongo wa uani ni salama.

Si lazima, hasa karibu na kuta zilizopakwa rangi za zamani zenye madini ya risasi. Risasi haiozi, na mboji haiiondoi. Peleka udongo maabara upimwe. Udongo ukikutwa na risasi, inua tuta la sentimita 30 la udongo safi juu ya kitambaa kizito kinachopitisha maji, na ufunike ardhi inayolizunguka kwa matandazo ili vumbi lisirukie majani. Mboga za mizizi na za majani ndizo za kuhofia zaidi. Nyanya na maharage hubeba kidogo.