Watoto wanaporipoti shambulio la Harpers Ferry

Saa moja na dakika tano asubuhi ya Jumatatu, 17 Oktoba 1859, msimamizi wa treni aliyeitwa Phelps alifika stesheni ya Monocacy, Maryland, akapeleka telegramu kwa wakubwa wake wa reli mjini Baltimore. Treni yake ilikuwa imezuiwa usiku huo huko Harpers Ferry, mji mdogo ambao wakati huo ulikuwa wa Virginia. Alisema watu wenye silaha wameshika daraja na ghala la bunduki la serikali, wako kama 150, kiongozi wao anajiita Anderson, na wanasema wamekuja kuwakomboa watumwa, liwalo na liwe. Mkubwa wake akamjibu kwamba taarifa hiyo imetiwa chumvi, imeandikwa na mtu aliyepagawa. Akaongeza swali: umejuaje kwamba hao ni wapinga utumwa, na umejuaje kwamba wanafika mia?

Nafundisha historia watoto wa miaka 10 hadi 12 hapa Maryland, wengi wao wa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na telegramu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza wanayopata tunapofika kwa John Brown, mpinga utumwa aliyeongoza shambulio hilo. Phelps alisema kweli kuhusu jambo kubwa na akakosea mengi madogo. Brown alikuwa na wenzake 21 tu, weupe 16 na weusi 5, na watatu kati yao walibaki nyuma shambani kulinda silaha. Akina Anderson walikuwemo wawili kundini, ila kiongozi hakuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe alikuwa amekodi shamba la jirani kwa jina la Smith.

Walimu wengi hugeuza tukio hili kuwa igizo la taarifa ya habari: boksi limekatwa liwe televisheni, mtoto mmoja ameshika maikrofoni, mwingine amebandikwa ndevu za Brown. Sina ugomvi na boksi. Tatizo ni kwamba mtoto anasoma hadithi iliyokwisha kuandikwa, anajua mwisho wake, na maikrofoni inakuwa pambo tu. Mwandishi wa habari hajui mwisho.

Kwa hiyo darasa langu ni chumba cha habari chenye bahasha. Kila bahasha imeandikwa siku na saa, na ndani mna kile tu ambacho mtu angeweza kuwa amekisikia kufikia wakati huo: telegramu, uvumi wa abiria, tangazo la gavana. Meza moja ni gazeti la Richmond, huko Kusini kwenye utumwa, nyingine la Boston, huko Kaskazini kwa wapinga utumwa, nyingine la Baltimore. Hairuhusiwi kutangaza kitu ambacho hakimo katika bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Aliyesoma nyumbani kwamba Brown alinyongwa inabidi aifunge siri hiyo moyoni, na hilo huwatesa wengine kweli. Kila meza ina mhariri, na kazi yake ni kuuliza lile swali la mkubwa wa reli kwa kila sentensi.

Hapo ndipo Kiswahili cha redioni kinaponifaa. Watoto hawa wamekua wakisikia wazazi wao wakifuatilia habari za nyumbani kwenye simu, basi "kwa mujibu wa", "inadaiwa" na "bado haijathibitishwa" wanayo tayari, pamoja na ile sauti nzito ya mtangazaji. Kinachobaki ni kuwafundisha kwamba maneno hayo yana kazi. Idadi ya washambuliaji ni mazoezi mazuri, maana uvumi wa siku ile ulipandisha 150 ya Phelps hadi mamia kadhaa. Nyaya za telegrafu za mji zilikuwa zimekatwa, na penye ukimya watu hujaza. Ghala lenyewe lilikuwa na bunduki zipatazo 100,000, jambo linaloeleza hofu ile hata kwa mtoto wa miaka kumi.

Bahasha ngumu kuliko zote ni ya Heyward Shepherd. Alikuwa mtu mweusi, huru, mbeba mizigo wa stesheni. Usiku ule alitoka kwenda kuona kulikoni darajani, akapigwa risasi na watu wa Brown, akafa mchana uliofuata. Wa kwanza kuuawa na watu waliokuja kuwakomboa weusi alikuwa mweusi mwenyewe. Meza ya Boston hutaka kumsogeza chini kabisa ya habari, meza ya Richmond hutaka kumfanya kichwa cha habari, na mabishano hayo nayaacha yaendelee hata kengele ikilia. Ninachokataa ni kumfuta tu.

Ya Jumanne, 18 Oktoba, tunapita upesi. Kanali Robert E. Lee amekwisha kufika usiku na askari wa majini, Brown na wachache waliosalia wamejifungia na mateka katika jengo la magari ya zimamoto, mlango unavunjwa kwa ngazi nzito, na kila kitu kinakwisha kwa dakika chache. Wavulana wangependa kukaa hapo siku nzima.

Mimi hupenda zaidi mahojiano. Siku hiyohiyo Brown, amelala sakafuni na majeraha, aliulizwa maswali na Gavana Wise na Seneta Mason, wote wa Virginia, na wengine, mwandishi wa gazeti akiwepo na kunukuu. Walitaka sana kujua nani alimtuma. Akasema hakuna mtu aliyemtuma. Kabla ya kusoma majibu hayo, watoto huandika maswali yao. Wanapouliza kama amewahi kuua kabla ya hapo, wanapata bahasha ya Kansas, 1856: watu watano waliounga mkono utumwa walitolewa majumbani mwao usiku na kuuawa na kundi la Brown. Siielezi kwa undani wa kutisha, lakini siifichi.

Halafu namuuliza mhariri: katika bahasha zote hizi, ni mtumwa gani aliyehojiwa? Hakuna. Magazeti ya Virginia yalishikilia kwamba watumwa walikataa kumfuata Brown. Osborne Anderson, mweusi pekee wa kundi lile aliyenusurika na kutoroka, alichapisha kitabu mwaka 1861 akisema wapo walioshika silaha. Watoto hutangaza kauli zote mbili na kutaja nani kasema. Hapo pia naweka barua za Harriet, mtumwa huko Virginia, akimsihi mumewe Dangerfield Newby aje amnunue kabla bwana wake hajamuuza kwingine. Newby alikuwa huru. Ndiye wa kwanza wa kundi la Brown kuuawa.

Hakuna mtoto anayecheza mtumwa darasani kwangu, wala anayecheza kunyongwa. Hii ndiyo faida kubwa ya uandishi wa habari ukilinganishwa na maigizo: mwandishi husimama pembeni. Hata tarehe 2 Desemba, Brown aliponyongwa Charles Town, askari waliwaweka raia mbali, basi mtangazaji wangu anasema kwamba hakuruhusiwa kukaribia.

Wazazi huniuliza kama nawaambia watoto Brown alikuwa mtu wa namna gani. Katika taarifa ya habari, hapana. Tahariri huandikwa wiki inayofuata, kwenye karatasi ya rangi nyingine, na mwandishi hutia jina lake chini. Huko wapo wanaomwita shujaa na wapo wanaomwita muuaji. Wengi huandika vyote viwili, na mhariri hana ruhusa ya kufuta kimojawapo.