"Sijakiona dukani" si ushahidi wa upya

Wiki hii nimeambiwa tena na mvumbuzi anayetaka hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake: "Nimezunguka maduka yote, mtandaoni nimetafuta, hakipo. Andika tu kwamba ni kipya." Jamani! Duka linauza vitu, mimi napekua maandishi kuona kama uvumbuzi umewahi kuelezwa popote; usipoelezwa, ndio huo upya. Hataza iliyochapishwa miaka 90 iliyopita kwa Kijerumani, ya kifaa ambacho hakikuwahi kutengenezwa hata kimoja, inatosha kuua upya wa uvumbuzi wako.

Kwa hiyo ukiniandikia maelezo, nieleze kifaa kinafanyaje kazi. Chukua kifuniko cha sufuria. Ukiishia kusema "kinazuia maziwa yasifurike", umenitupa kwenye kundi A47J 27/56 la uainishaji wa kimataifa wa hataza, lililowekwa kwa ajili ya jambo hilohilo, na nitarudi na rundo la hataza mpaka unune. Lakini niambie hivi: katikati kuna tundu lenye ukingo ulioinuka, povu linapanda humo, linamwagikia juu ya kifuniko kilichobonyea kama sahani, kisha maziwa yanarudi chini kupitia vitundu vitatu, kila kimoja na ulimi wa silikoni unaofungukia chini pekee. Sasa nina cha kushika. Nitausaka huo ulimi. Mengine karibu yote nategemea kuyakuta.

Tena tuelewane: upya huvunjwa na hati moja yenye sehemu zako zote. Nikikuta tundu katika hati moja na ulimi katika nyingine, upya bado umesimama. Linalofuata ni swali jingine, kama fundi wa fani hiyo angeziunganisha bila kuumiza kichwa. Ndiyo maana nakusumbua unitajie sehemu mojamoja, kazi ya kila moja, na mbadala wake. Ulimi ukiwa wa mpira je? Ukiwa kijipira kinachoelea?

Mchoro wa kalamu unatosha. Vifaa vinavyofanana unavyovijua, vitaje. Na tarehe zote ulizokionyesha hadharani ziandike, hata video fupi: Marekani inakupa miezi 12 ya kuomba hataza tangu ukionyeshe, Ulaya kule kukionyesha kwako mwenyewe kabla ya kuomba kunaweza kukuangusha.

Lipo pia linaloninyima raha. Maombi ya hataza kwa kawaida huchapishwa baada ya miezi 18. Yaliyowasilishwa miezi michache iliyopita siyaoni, hata nikikesha. Nikikuandikia "sijakuta", lisome hivyohivyo. Usilipeleke kwa mwekezaji likiwa limegeuka "hakipo".