Sigwatera: kutoka mabaki ya sahani hadi chombo kilichovua

Mtu akitapika baada ya kula samaki, jambo la kwanza anaulizwa kama samaki alikuwa amechina. Kwa sigwatera, ugonjwa unaotokana na sumu iliyomo ndani ya samaki mwenyewe, swali hilo halisaidii. Sumu yake hutengenezwa na Gambierdiscus, vijidudu vya baharini vinavyoishi juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa. Samaki wadogo huvila, wakubwa huwala wadogo, na sumu hulimbikizana kwa chewa, mzia, mkunga na samaki wa jamii ya Lutjanus (snapper kwa Kiingereza). Haina harufu wala ladha. Barafu haiiondoi, moto wa jikoni vilevile.

Mimi huanzia kwa mgonjwa. Kuhara na kutapika hakuniambii mengi. Midomo na vidole vikifa ganzi, na maji baridi yakimchoma kama moto, hapo naomba mabaki ya chakula kabla hata ya risiti. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuthibitisha sigwatera, kwa hiyo ushahidi uko kwenye samaki. Hata aliyekwisha kupikwa anafaa. Agandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kibichi mbali na kilichopikwa, na lebo isitupwe.

Maabara hutafuta kiasi kidogo mno: kiwango elekezi cha Marekani kwa sumu ya aina ya Pasifiki ni mikrogramu 0.01 kwa kilo. Seli za neva za panya huwekewa dawa mbili, ouabain na veratridine, zinazozifanya ziathirike kwa urahisi na sumu hii, kisha dondoo la samaki, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye nyama yake. Sigwatoksini, yaani sumu yenyewe ya sigwatera, huzidisha sodiamu inayoingia ndani ya seli, nazo hufa. Zile zisizowekewa dawa hizo mbili zikifa pia, basi kinachoua ni kitu kingine kwenye dondoo, na jibu halitumiki. Uthibitisho hufanywa kwa LC-MS/MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake.

Sambamba na hayo napima DNA, maana jina la kwenye boksi silo la kuaminiwa. Mwaka 2007 huko Chicago watu walidhurika kwa tetrodotoksini, sumu nyingine kabisa, baada ya kula samaki aliyeuzwa kama monkfish. Alikuwa bunju.

Panapokwama zaidi ni safari ya kurudi nyuma. Ujerumani ilipopata wagonjwa wa sigwatera Novemba 2012, samaki walikuwa wa Lutjanus kutoka India. Lebo ya Ulaya hutaja eneo la uvuvi la FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), lakini eneo 51 peke yake linabeba pwani ya Kenya, Tanzania na magharibi ya India: mwamba alikovuliwa samaki huwezi kuupata humo. Dai cheti cha uvuvi, jina la chombo na tarehe. Kiwanda kikichanganya shehena za vyombo kadhaa, uzi umekatika, na itabidi uondoe sokoni mzigo wote wa siku hiyo.

Wala usiufungulie mzigo kwa sababu sampuli tano zimetoka safi. Samaki wawili wa boksi moja, mmoja anaweza kuwa na sumu na mwenzake asiwe nayo kabisa.