Konokono hahami nyumba yake

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya mtandaoni hudai kwamba konokono akikua huacha gamba lake na kutafuta kubwa zaidi, na kwamba koa ni konokono aliyekosa nyumba. Sivyo. Gamba ni sehemu ya mwili wake, ameshikamana nalo kwa msuli, na akitolewa humo hufa.

Tuchukue familia ndogo ya konokono iitwayo Elonidae, yenye spishi mbili tu zilizo hai: moja huishi magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Hispania, nyingine katika milima ya Pirenei. Katikati ya gamba lao bapa upo mzingo mdogo kabisa, ambao mnyama alianza nao akiwa bado ndani ya yai, na kutoka hapo mistari ya ukuaji hufuatana hadi kwenye mdomo wa gamba. Visukuku vya konokono wa kale wa Ulaya huonyesha mpangilio huohuo.

Nadhani wengi huchanganywa na wale kaa wadogo wa ufukweni, ambao kweli huhamia makombe matupu. Ukipokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Okota gamba tupu bustanini, ulitazame kwa kioo cha kukuzia.