Mmea wa kienyeji ni upi hasa?

Wiki jana, kwenye kitalu kando ya barabara, nilimsikia muuzaji miche akimwambia mama mmoja aliyetaka bustani ya ndege na vipepeo: "Chukua lantana, mama. Hiyo ni ya kienyeji kabisa." Mama akabeba miche sita.

Mmea wa kienyeji ni ule ulioota mahali fulani wenyewe, bila kuletwa na mtu. Basi. Lantana ilitoka Amerika. Jakaranda, zinazoipaka Nairobi zambarau kila Oktoba, zilitoka Amerika Kusini, na mkaratusi ni wa Australia. Kuuzoea mti tangu utotoni hakuufanyi kuwa wa hapa.

Nadhani mkanganyiko ulianzia sokoni. Tunasema kuku wa kienyeji, ilhali chimbuko la kuku ni Asia. Kwenye mafungu ya mboga za kienyeji, kando ya managu na saga, utakuta majani ya malenge, na malenge nayo yalivuka bahari kutoka Amerika. Huko neno linamaanisha tu "ya zamani, ya kwetu nyumbani", na jikoni sina ugomvi nalo. Bustanini linapoteza watu.

Lisikilize neno lenyewe. Kienyeji imetokana na mwenyeji, na mwenyeji ni mwenye mji. Kwa hiyo lazima awe wa mahali: mbuyu ni mwenyeji wa Kilifi, lakini ukiupanda Karen, kule Nairobi, juu ya mita 1,600 na baridi ile ya Julai, umeleta mgeni. Tena mwenyeji ndiye anayepokea wageni, na maana hii ndiyo tunayoisahau. Vipepeo hutua kwenye lantana, ni kweli. Hunywa wakaenda zao. Wamekaribishwa mlangoni tu. Kipepeo anayetaka kutaga hutafuta majani ambayo viwavi wake wataweza kula, na viwavi wengi huchagua mno.

Kwangu kuna mlimau. Juu ya majani yake machanga hukaa viwavi wadogo weusi wenye doa jeupe, ungedhani ni kinyesi cha ndege. Mlimau si wa hapa, lakini ni wa ukoo mmoja na murarachi, mti wa misitu yetu, na kipepeo mama yao anaujua ukoo huo. Lantana haina chochote cha kumpa kiwavi yule.

Kwa yule mama, kama miche bado iko kwenye mifuko: irudishe, tafadhali. Ndege watakula vitunda vyake kweli, kisha watazipeleka mbegu vichakani, ambako lantana huotea juu ya mimea mingine na kuisonga. Ukifika kitaluni usiulize kama mche ni wa kienyeji, maana utajibiwa ndiyo. Uliza ni mwenyeji wa wapi. Ukiletewa muhuti, mti mwenyeji wa hapa, upokee, hata ukiwa kijiti kitupu chenye miiba. Ukikomaa utatoa maua mekundu kabla ya majani, na ndege waitwao chozi watakuja.