Misa haikuzaliwa mezani

Nikitaja tu kwamba kazi yangu ni kufuatilia asili ya maneno, hakosekani mtu wa kuniambia kuwa "misa" na "meza" ni neno moja. Hoja yake ina mvuto. Padri huadhimisha Misa altareni, altare ni meza, na ule uso wa juu wa altare Kanisa lenyewe huuita kwa Kilatini *mensa*, yaani meza. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mgeni katika kazi ya kamusi, niliwahi kuandika hivyo kwenye rasimu ya kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi. Mhariri akakifuta kwa kalamu nyekundu bila neno. Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kuchimba.

Meza haina makuu. Kilatini kiliandika *mensa*, lakini mdomoni mwa watu *n* iliyotangulia *s* ilipotea mapema, ikabaki *mesa*. Ndivyo Wareno walivyoirithi, nao *s* iliyo kati ya irabu mbili huitamka *z*. Sikio la Mswahili likasikia meza, na hivyo ndivyo tunavyoandika hadi leo. Tangu Vasco da Gama alipofika pwani mwaka 1498 hadi Wareno walipoipoteza Fort Jesus mwaka 1698, ni miaka 200, nao walituachia pia bendera, kasha, mvinyo na gereza. Hili la mwisho kwao ni *igreja*, kanisa! Lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Misa ina *s* kwa sababu Kilatini kiliandika *s* mbili: *missa*. Hizo *ss* hazigeuki *z* hata kwa Mreno. Shina lake ni kitenzi *mittere*, kutuma au kuachilia. Mwisho wa ibada ya Kilatini waumini waliambiwa: *Ite, missa est*. "Ite" ni "nendeni", halina utata. Penye utata ni "missa". Wengi husoma "nendeni, misa imekwisha", wakidhani neno hilo lilikuwa tayari jina la ibada. Halikuwa. Lilimaanisha kuagwa, ruhusa ya kuondoka. Askofu Avitus wa Vienne, katika Ufaransa ya leo, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 6, anaeleza kuwa tamko hilo lilitolewa makanisani na hata kwenye majumba ya watawala watu walipoachiwa waende zao. Ibada ikapata jina kutokana na maneno ya kuifunga, kama vile sisi tungeuita mkutano "kwaherini".

Askofu Isidore wa Sevilla, Hispania, aliyefariki mwaka 636, ana maelezo tofauti kidogo: neno limetokana na kutolewa nje kwa wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, kabla ya sadaka kuanza. Mimi naegemea kwa Avitus, maana anasimulia tamko lililosikika wakati wake. Ila kwa wote wawili, kuna watu wanaotolewa au kuagwa, meza haipo.

Ukishaijua *mittere*, utakutana nayo usipoitarajia. Misheni ni yake, maana mmisionari ni mtu aliyetumwa. Kamati na kamishna pia ni zake, kupitia Kiingereza: hao wamekabidhiwa kazi. Hata Krismasi imeificha Misa mkiani, kwa kuwa Waingereza wa kale walipounda jina la sikukuu hiyo walimaanisha Misa ya Kristo. Kwa hiyo anayesema "Misa ya Krismasi" ametaja Misa mara mbili, na sioni sababu ya kumsahihisha.

Na kuna "kumeza", ambayo wanafunzi hupenda kuiunganisha na meza kwa kuwa mezani ndipo watu wanapokula. Hiyo ni ya Kibantu tangu zamani: Washona husema *kumedza*, Wanyarwanda *kumira*. Mreno alipofika, tulikuwa tunameza tayari.