Kuunda maneno kwa herufi za neno si kunyambua

Wiki hii nimesikia tena mtu akiambiwa "nyambua neno kitabu", na kilichotakiwa kilikuwa maneno kama kati, bati na tiba. Muulizaji alijua anachotaka, mjibuji naye akaelewa, mambo yakaenda. Lakini kosa hili la kuuita mchezo wa kuunda maneno kwa herufi za neno kuwa ni kunyambua nimelisikia mara nyingi mno, na linawaharibia watu dhana mbili kwa mpigo mmoja.

Maana ya mchezo huo wa herufi ni fupi. Unapewa neno refu, unachukua herufi zake, unazipanga upya upendavyo na kuunda maneno mafupi. Kila herufi unaitumia mara zile tu inazoonekana katika neno ulilopewa. Kitabu kinatoa kati, kuta, bati, tiba, tubia. Hakitoi kiti, kwa sababu i ni moja tu. Huhitaji kufuata mpangilio wa awali wala kumaliza herufi zote.

Sasa hilo la kunyambua. Kitenzi nyambua kwa asili ni kuchanachana kitu kwa kukivuta, mpaka kinabaki nyuzinyuzi. Ndiyo maana silaumu sana: mtu akisikia "nyambua neno", picha inayomjia ni neno linachanwa vipande, na mchezo wa herufi ni kuchana vipande kweli. Ila wanasarufi walipokichukua kitenzi hiki walikipa kazi nyingine. Katika sarufi, kunyambua ni kuongeza viambishi kwenye mzizi ili kupata neno jipya: piga, pigia, pigana, pigisha, pigiana. Tazama urefu wa maneno hayo. Yanakua, na mzizi pig- unabaki mahali pake pale pale, na maana yake inaendelea kusikika katika kila umbo. Katika mchezo wa herufi hakuna mzizi unaoachwa mzima na hakuna herufi inayoongezwa. Anayenyambua anajenga juu ya msingi uliopo; anayecheza herufi anabomoa nyumba na kuokota matofali. Hata tubia, ambalo ni umbo lililonyambuliwa kwelikweli, limenyambuliwa kutoka tubu. Kupatikana kwake ndani ya kitabu ni bahati ya herufi tu.

Kitabu ndilo neno ninalolipenda kwa kueleza jambo hili, kwa sababu ya ndugu zake. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa k-t-b, unaohusu kuandika. Mzizi huohuo umetupa katibu na katiba. Katibu lina herufi zilezile sita za kitabu, hakuna iliyozidi wala iliyopungua, kwa hiyo linakubalika katika mchezo. Katiba ni ndugu wa damu vilevile, lakini linahitaji a mbili na kitabu kina moja, kwa hiyo halikubaliki. Upande wa pili iko tiba, inayokubalika bila tatizo ingawa haina udugu wowote na kitabu. Imetoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu, tena wenye t nzito ambayo ni herufi tofauti kabisa katika lugha hiyo; Kiswahili ndicho kilichoziandika zote mbili kwa t moja. Basi ndugu anafungiwa nje na mgeni anakaribishwa ndani. Mchezo hauulizi neno limetoka wapi, unahesabu herufi tu.

Mvuto wa kuchanganya herufi na maana ni wa zamani, na umewashika watu wakubwa. Al-Khalil ibn Ahmad, mtaalamu wa lugha wa karne ya 8, aliipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa kuweka pamoja mizizi yote inayoundwa na konsonanti zilezile. Konsonanti tatu tofauti zina mipangilio 6. Yeye aliipitia yote akionyesha ipi inatumika na ipi imeachwa. Hiyo ilikuwa njia ya kuhakikisha hakuna neno lililosahaulika. Baadaye mwanasarufi wa Kiarabu Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, alikwenda mbali zaidi: alitaka kuonyesha kwamba mipangilio hiyo 6 inabeba maana moja kuu. Ni wazo zuri na aliliandikia kwa bidii, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba haliwezi kuenezwa katika lugha nzima.

Kuna neno la pili linalosukumiwa mahali hapa, nalo ni anagramu. Hili ni jamaa wa karibu, lakini lina sharti lake: herufi zote zitumike. Jina limejengwa kwa maneno ya Kigiriki, ana lenye maana ya upya au kurudi nyuma, na gramma, herufi. Katibu ni anagramu ya kitabu. Kati siyo. Sharti hilo lina sababu, na mwanasayansi Robert Hooke wa Uingereza anaionyesha vizuri. Mwaka 1676 alichapisha ugunduzi wake kuhusu springi kwa mfululizo wa herufi, ceiiinosssttuv, bila kueleza chochote. Mwaka 1678 akaufumbua: ut tensio, sic vis, Kilatini cha kusema kadiri kitu kinavyovutwa ndivyo nguvu yake inavyokuwa. Zihesabu herufi hizo 14 utaona zinalingana moja kwa moja. Kama ingeruhusiwa kubakiza baadhi, mtu yeyote angeweza kudai herufi zile zilikuwa na sentensi yake, na Hooke asingekuwa na ushahidi kwamba alitangulia.

Kwa kitabu tofauti hiyo inahesabika. Ukitumia herufi zote sita una mipangilio 720. Ukiruhusu urefu wowote, kuanzia herufi moja, unapata 1,956. Mingi haina maana katika Kiswahili.

Linalobaki na ubishi wa haki ni ch. Je, kutoka chakula tunaweza kupata hula? Ukihesabu c na h kuwa herufi mbili, ndiyo. Mimi nasema hapana, kwa sababu c haisimami peke yake katika maneno yetu, na ch ni sauti moja isiyogawanyika. Anayepanga mchezo aseme mapema anafuata hesabu ipi.

Kwa hiyo mtu akikuletea katiba kutoka kitabu, usimkatie alama ya kosa ukaishia hapo. Mwambie ameona udugu wa kweli kati ya maneno hayo mawili, kisha mwombe aitafute a ya pili. Nawe unayetunga swali, acha nyambua ikae na piga na pigia. Andika hivi: unda maneno mafupi kwa kutumia herufi za neno kitabu.